Shajara ya Mradi: Kuhamisha Simu kati ya Duka, Ghala na Akaunti

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Mradi huu una lengo moja. Mteja anayepiga simu kwenye duka letu la vipuri vya magari, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, anatakiwa amfikie mtu mwenye jibu bila simu kukatika, bila kueleza haja yake upya kwa kila anayempokea, na bila kuambiwa apige namba nyingine. Duka lina kaunta mbili upande wa barabara na ofisi ya akaunti orofani. Ghala liko Eneo la Viwanda, ambako kwa ramani si mbali, lakini foleni za barabarani haziruhusu mtu kutumwa huko akaulizie kitu na kurudi mteja akingali anasubiri.

Fundi anayepiga kutoka Nakuru akitafuta beringi za gurudumu la nyuma huanzia kaunta, kwa kuwa namba iliyochapishwa kwenye risiti ni ya kaunta. Anayejua kama beringi hizo zipo ni msimamizi wa ghala, na anayeweza kuthibitisha kwamba malipo ya M-Pesa yameingia ni mhasibu. Hadi sasa kila mmoja wao amekuwa na simu yake ya mkononi, na karani wa kaunta amekuwa akimtajia mteja namba ya ghala ili apige mwenyewe. Wengine hupiga. Wengine huenda duka jirani, nao ni wengi, maana katika barabara hii duka la vipuri halikosi duka jingine la vipuri ubavuni mwake.

Vifaa vimekwisha kufungwa. Seva ndogo inayoendesha Asterisk, programu huria ya swichibodi iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, iko katika kabati la ofisi ya akaunti. Simu za mezani zinazotumia SIP, yaani itifaki ya kupanga simu kupitia mtandao wa intaneti, ziko mahali pake, na kampuni ya mawasiliano imetupa laini ya intaneti yenye namba ya Nairobi inayoanza na 020. Kupiga na kupokea kunafanyika vizuri. Kazi iliyobaki ni kuhamisha simu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu itakayoamua kama fedha za mwenye duka zimetumika vyema.

Jumanne

Leo nimepanga namba za laini za ndani. Kaunta ni 201 na 202, ghala ni 301, akaunti ni 401, na ofisi ya mwenye duka ni 402. Nimeepuka kabisa namba zinazoanza na 1 au 9, kwa sababu 112 na 999 ni namba za dharura nchini Kenya, na mtu yeyote anayeinua simu yoyote katika majengo haya lazima azipate papo hapo bila seva kudhani kwamba anatafuta mwenzake wa chumba cha pili. Nimebandika orodha ya namba hizi kando ya kila simu kwa maandishi makubwa. Karani anayelazimika kufungua daftari ili aijue namba ya ghala atarudia desturi ya zamani ya kumtajia mteja namba ya mkononi, na sitakuwa na haki ya kumlaumu.

Jumatano

Siku nzima imekwenda katika kuamua namna ya kuhamisha, na ninaandika kwa urefu kwa kuwa maamuzi mengine yote yatajengwa juu ya haya.

Njia ni mbili. Katika kuhamisha moja kwa moja, karani anabonyeza kitufe cha kuhamisha, anaandika 301 na kuweka mkono wa simu chini. Mteja anaelekezwa ghala, na karani hajui kama kuna mtu aliyepokea. Katika kuhamisha kwa mashauriano, karani anamsubirisha mteja, anampigia msimamizi wa ghala, anamweleza ni nani anayepiga na anataka nini, kisha anabonyeza kitufe mara ya pili ili kuwaunganisha wawili hao na yeye mwenyewe kuondoka.

Ndani ya mtandao, njia hizi mbili zinakaribiana. Simu ya karani hutuma ombi liitwalo REFER, lililofafanuliwa katika waraka wa RFC 3515 wa mwaka 2003 (RFC ni nyaraka za kanuni za kiufundi za intaneti), ambalo kwa ufupi humwambia anayelipokea ampigie mtu fulani. Kwa mashauriano, ombi hilohilo hubeba kiambatisho kiitwacho Replaces, cha RFC 3891 ya mwaka 2004, kinachotaja mazungumzo ambayo tayari yapo kati ya karani na ghala, ili mteja achukue nafasi ya karani katika mazungumzo hayo badala ya simu mpya kuanza kuita. Katika mpangilio wetu, ombi hili huishia kwenye seva. Kampuni ya mawasiliano hailioni, na hilo ni jema, kwa kuwa si kila kampuni inayokubali REFER kutoka kwa mteja wake. Kwa upande wao simu ni ileile moja, hata kama ndani ya majengo yetu imepita mikono mitatu.

Jambo ambalo ningependa kila atakayeitunza seva hii baada yangu alielewe ni jibu la 202, ambalo ni msimbo wa SIP na si laini ya kaunta yenye namba hiyo. Seva ikipokea REFER hujibu kwa namba hiyo, na simu nyingi za mezani hapohapo huonyesha kwamba uhamisho umefaulu. Namba hiyo inasema tu kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Habari za kama ghala limepokea, lina shughuli au halijibu huja baadaye katika ujumbe mwingine, NOTIFY, na kufikia wakati huo karani aliyehamisha moja kwa moja amekwisha kugeukia mteja aliyesimama mbele yake. Kati ya 202 na sauti ya mtu wa pili kuna kipindi ambacho mteja hana mwenyewe. Kipindi hicho kinaweza kuwa kifupi kama pumzi au kirefu kiasi cha mteja kukata tamaa, na mradi wangu wote, nikiutazama vizuri, ni wa kuhakikisha kwamba daima kuna mtu anayemmiliki mteja katika kipindi hicho.

Kwa hiyo nimependekeza kanuni moja, na mwenye duka ameikubali: aliyeinua simu ndiye mwenye mteja mpaka sauti nyingine ijibu. Simu zinazokwenda ghala zitahamishwa kwa mashauriano wakati wote, kwa sababu msimamizi hutumia sehemu kubwa ya siku kati ya rafu, mbali na meza yake. Simu zinazokwenda akaunti zinaweza kuhamishwa moja kwa moja, kwa kuwa meza ile haikosi mtu saa za kazi, mradi seva yenyewe iirudishe simu isiyojibiwa.

Alhamisi

Leo nimeshughulikia simu inayorudi. Mtu akihamisha moja kwa moja, Asterisk huhifadhi jina la laini iliyohamisha katika kigezo, yaani nafasi ya kumbukumbu yenye jina, kiitwacho BLINDTRANSFER. Nimeandika mpango wa upigaji, yaani maagizo yanayoiambia seva ifanye nini na kila namba, unaoita 401 kwa sekunde 20. Kama hakuna anayepokea, au laini ina shughuli, au simu ya akaunti imezimwa, seva husoma kigezo hicho na kumrudishia karani yuleyule simu yake, huku kioo cha simu kikionyesha neno RUDI na namba ilikotoka. Neno hilo lina kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Bila neno hilo karani huinua simu na kusema "Duka la vipuri, nikusaidie nini?" kwa mtu aliyemwacha dakika moja iliyopita, naye mteja hujua papo hapo kwamba amesahauliwa. Akiliona neno hilo, karani huanza kwa kuomba radhi na kutoa njia nyingine.

Ikiwa kaunta ya 201 ina shughuli wakati simu inaporudi, inaita 202. Na kaunta zote mbili zikiwa na shughuli, mteja anasikia ujumbe uliorekodiwa unaomwomba aache jina na namba. Ninausikitikia ujumbe huo, maana mafundi wengi hawaachi ujumbe kwenye mashine, lakini ni bora kuliko mlio wa simu iliyokatika.

Kuna hali ya tatu inayokaa katikati ya njia zile mbili, nayo hutokea sana kaunta inapojaa watu. Karani anaanza kuhamisha kwa mashauriano, ghala linaita, naye anakata kabla msimamizi hajapokea. Asterisk ina mipangilio ya hali hii katika faili lake la vipengele, kwa uhamisho unaofanywa kwa alama za kubonyeza kama # na *: muda wa kusubiri jibu, ambao mwanzoni ni sekunde 15, na idadi ya majaribio ya kumpigia tena aliyehamisha, ambayo mwanzoni ni 2. Muda huo nimeuongeza hadi sekunde 25, kwa kuwa msimamizi akiwa mwisho wa rafu za ghala hawezi kufika mezani kwa sekunde 15 bila kukimbia, na sakafu ya ghala lenye mafuta si mahali pa kukimbia. Idadi ya majaribio nimeiacha kama ilivyo.

Ijumaa

Mpokezi wa akaunti ameuliza swali lililonifanya nibadilishe mpango wa alama. Hupiga simu benki mara kwa mara, na sauti ya mashine ya benki humtaka abonyeze alama ya # baada ya kuandika namba ya akaunti. Asterisk isipoelekezwa vinginevyo huichukua alama hiyohiyo ya # kuwa amri ya kuhamisha moja kwa moja, na matokeo yake ni kwamba benki ingesubirishwa na mpokezi angesikia sauti ikimwomba namba ya ndani. Kuanzia leo, kuhamisha moja kwa moja ni ## na kuhamisha kwa mashauriano ni *2, na nimeongeza kidogo muda unaoruhusiwa kati ya tarakimu mbili ili wenye vidole vya taratibu wasiachwe nyuma. Simu za mezani zina kitufe chake cha kuhamisha, nami nawahimiza wote wakitumie hicho kwanza. Alama ni kwa ajili ya simu zisizo na waya na programu za simu kwenye kompyuta.

Katika kuziandaa alama hizi nimepitia pia suala la usalama, ambalo biashara ndogo huliona baada ya bili kuja. Amri ya kupiga simu katika Asterisk hupokea herufi mbili zinazofanana kwa macho: t ndogo humruhusu anayepigiwa kuhamisha, na T kubwa humruhusu anayepiga kuhamisha. Simu inayoingia kutoka nje inatakiwa iwe na t ndogo pekee, ili karani aweze kumhamisha mteja. Mtu akiweka herufi zote mbili kwa kudhani kwamba wingi ni wema, mgeni yeyote aliye nje ataweza kubonyeza ## katikati ya mazungumzo na kujihamishia namba ya nchi ya mbali kwa gharama ya duka. Kwa simu zinazotoka ni kinyume chake, T kubwa pekee. Zaidi ya hapo, nimeziwekea simu zinazohamishwa eneo lao katika mpango wa upigaji, ambamo namba za ndani zote zinapatikana na namba za nje haziko kabisa, isipokuwa moja nitakayoieleza ikifika zamu yake. Ulinzi huu ninauona kuwa sehemu ya kuhamisha simu, si nyongeza.

Wiki ya pili, Jumatatu

Ghala limeunganishwa leo, na tatizo nililolitarajia limejitokeza. Mteja wa majaribio, ambaye ni karani wa kaunta ya pili akipiga kwa simu yake ya mkononi kutoka ng'ambo ya barabara, alisikika vizuri kabisa alipozungumza na 201. Mara tu alipohamishiwa 301, yeye alimsikia msimamizi, lakini msimamizi hakumsikia. Mashauriano yenyewe kati ya kaunta na ghala yalikuwa na kasoro hiyohiyo.

Chanzo kinafaa kuelezwa, kwa sababu kinaeleza pia kwa nini simu huwa nzima kabla ya kuhamishwa. Katika SIP, ujumbe wa kupanga simu na sauti yenyewe husafiri kwa njia mbili tofauti. Simu inapoingia kaunta, seva hulazimika kusikiliza kama karani atabonyeza ## au *2, kwa hiyo sauti hupitia kwake. Baada ya uhamisho hakuna tena alama ya kusikilizwa, na seva, kwa nia njema ya kupunguza mzigo, hujiondoa katikati na kuziambia pande mbili zitumiane sauti zenyewe. Simu ya ghala ilikuwa imejitambulisha kwa anwani inayoanza na 192.168, anwani ya faragha isiyo na maana yoyote nje ya kuta za ghala. Sauti ya mteja ikatumwa kwenye anwani ambayo haiwezi kufikika, kama barua iliyoandikwa "chumba cha tatu" bila jina la mtaa.

Nilithibitisha hayo kwa kusoma ujumbe wa SIP kwenye seva, mstari ule unaoanza na herufi c na kutaja anwani ya kupokelea sauti. Marekebisho yalikuwa kadhaa. Nimeizuia seva kujiondoa katikati kwa kuweka direct_media kuwa no kwa laini zote. Nimeiagiza irudishe sauti kule zinakotoka pakiti halisi, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti, badala ya kuamini anwani iliyoandikwa, na nimeipa anwani yake ya nje ili ijitambulishe kwayo. Mwisho, katika ruta ya ghala nimezima kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho hujaribu kusahihisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP na mara nyingi huziharibu. Kampuni iliyotuletea ruta hiyo ilikuwa imekiacha kimewashwa, na ilichukua simu nyingi za kubembeleza kabla ya kupewa nenosiri la kukizima.

Sasa sauti inakwenda na kurudi. Gharama yake ni mzigo wa intaneti, na nimeuhesabu. Kodeki ya G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti peke yake. Pakiti 50 kila sekunde, kila moja na vichwa vyake vya baiti 40, huifikisha 80. Simu ya nje iliyohamishiwa ghala huingia dukani na kutoka tena, hivyo hula 160 kila upande kwenye faiba ya duka. Hata simu kumi za namna hiyo kwa pamoja hazifiki megabiti 2, na faiba yetu ina nafasi ya kutosha. Sioni sababu ya kutumia G.729, inayobana sauti hadi kilobiti 8, wakati kaunta yenyewe iko kando ya barabara yenye honi za matatu na nyundo za mafundi. Karani anahitaji kila herufi ya namba ya kipuri isikike kamili.

Jumatano

Msimamizi wa ghala amelalamika, kwa haki, kwamba kila simu inayomfikia inaonyesha 201 kwenye kioo hata baada ya karani kuondoka. Anataka kumjua anayezungumza naye, na pia kuweza kumpigia baadaye beringi zikipatikana. Wakati wa mashauriano ni sahihi kioo kionyeshe 201, maana anayezungumza ni karani. Baada ya uhamisho kinatakiwa kibadilike kionyeshe namba ya mteja. Asterisk inaweza kutuma taarifa ya mabadiliko hayo tangu toleo la 1.8, la mwaka 2010, lakini ni lazima laini ya ghala iruhusiwe kuipokea na simu yenyewe iwe inaielewa. Nimeiwasha, na simu ya ghala imeielewa. Simu isiyo na waya ya akaunti haikuielewa, na kwa kuwa mpokezi wa akaunti hana haja ya kumpigia mteja tena, nimeliacha jambo hilo hapo.

Alhamisi

Umeme ulikatika asubuhi na faiba ya ghala ikakatika mchana. Swichi ya dukani inazilisha simu umeme kwa waya uleule wa mtandao, kwa kiwango cha 802.3af, na swichi, seva na ruta zote ziko kwenye betri ya akiba, kwa hiyo kukatika kwa umeme hakukusikika na mteja yeyote. Faiba ni habari nyingine. Ghala lilihamia kwenye 4G, na ruta za mitandao ya simu za mkononi huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, jambo linaloirudisha ile shida ya Jumatatu kwa sura mpya.

Nimeamua kuacha kupambana na anwani moja moja. Ghala sasa limeunganishwa na duka kwa njia ya faragha ya WireGuard, inayoanzishwa kutoka ghala na kutuma pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25 ili isifungwe, iwe iko juu ya faiba au juu ya 4G. Mtandao wa duka ni 192.168.10, wa ghala ni 192.168.20, na simu ya ghala inaifikia seva kana kwamba iko orofani. Simu moja sasa inahitaji zaidi ya kilobiti 100 kwa sekunde, na bado hilo si tatizo. Nimepunguza pia muda wa usajili wa simu ya ghala, yaani muda ambao baada yake simu hulazimika kujitambulisha upya kwa seva, hadi sekunde 120, ili njia ikibadilika seva isiendelee kwa muda mrefu kuamini kwamba 301 iko mahali ambapo haipo. Simu inayoendelea wakati faiba inakatika inaweza kukwama kwa sekunde chache. Jambo hilo karani ameelezwa, ili amwambie mteja asikate.

Ijumaa

Mwenye duka anataka wateja wakubwa wahamishiwe simu yake ya mkononi anapokuwa nje. Hii ndiyo namba moja ya nje niliyoitaja. Inawezekana, lakini nilimwandikia bei yake kabla ya kuifungua: mteja anachukua njia moja ya laini yetu kwa kuingia, na mwenye duka anachukua njia ya pili kwa kutoka, na zote mbili hubaki zimeshikwa mpaka mazungumzo yaishe, huku duka likilipia dakika za upande wa kutoka. Mkataba wetu unaruhusu simu nne kwa wakati mmoja. Mazungumzo mawili ya namna hiyo yanaifunga namba ya duka kabisa, na mteja wa tatu anasikia mlio wa laini yenye shughuli.

Tumekubaliana kwamba uhamisho huo ufanyike kwa mashauriano tu, kupitia namba ya ndani 450, na usiruhusiwe zaidi ya mmoja kwa wakati. Karani haandiki namba ya mkononi. Seva ndiyo inayoiandika, ikianza na 254 bila sifuri, kama kampuni ya mawasiliano inavyotaka. Mwenye duka ataona namba ya duka kwenye simu yake wala hataiona ya mteja, kwa sababu kampuni haipokei simu inayojitambulisha kwa namba isiyo yetu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhitaji mashauriano: jina la mteja litatajwa na sauti ya karani.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Mafunzo yamefanyika dukani kabla ya saa za kufungua. Vitufe havikuchukua muda. Kilichochukua muda ni maneno, nami nilitaka iwe hivyo. Tumekubaliana kwamba hakuna mteja atakayesubirishwa kabla ya kuambiwa anakwenda wapi na kwa nini: "Mzee wangu, beringi hizo ziko ghala, subiri kidogo nizungumze na msimamizi, kisha nikuunganishe naye." Msimamizi naye, akishapokea mashauriano, huanza kwa kurudia alichoambiwa: "Habari yako, mzee. Nimeelezwa unatafuta beringi za nyuma za Probox." Mteja akiyasikia maneno hayo hana haja ya kuanza upya. Dada wa kaunta ya kwanza aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelipanga na ambalo nimelikubali mara moja: kama ghala halijibu, karani arudi kwa mteja, achukue namba yake, na kumpigia mwenyewe kabla ya duka kufungwa, akiandika ahadi hiyo katika daftari la kaunta.

Mwenye duka aliuliza kuhusu kurekodi simu zilizohamishwa ili kutatua mizozo ya bei. Kiufundi ni rahisi, na kwa kuwa sauti zote sasa zinapitia kwenye seva, rekodi haitakatika wakati wa uhamisho. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe kwamba taarifa zake zinakusanywa na kwa madhumuni gani, kwa hiyo hakuna rekodi itakayowashwa mpaka tangazo la Kiswahili na Kiingereza liwe limerekodiwa na kuwekwa mwanzo wa kila simu inayoingia. Mashauriano kati ya karani na ghala nimeomba yasirekodiwe kabisa. Hayo ni maongezi ya wafanyakazi wanaotafuta jibu, na karani anayeogopa kusikilizwa ataacha kushauriana na kurudi kuhamisha moja kwa moja.

Jumatano

Kaunta ya pili imeanza kutumia mpangilio mzima leo, na simu za RUDI zinaonekana kwenye kumbukumbu za seva kwa namba zilikotoka. Nyingi zinatoka 401 saa ya chakula cha mchana, muda ambao tulidhani meza ya akaunti haiachwi wazi. Nimezungumza na mhasibu, na kuanzia kesho simu za 401 kati ya saa saba na saa nane mchana zitaita pia 402. Tangazo la kurekodi bado linasubiri sauti ya Kiswahili iliyosafishwa na kubadilishwa kuwa faili la hezi 8000, na ghala limeagiziwa simu ya pili isiyo na waya, ambayo msimamizi ataivaa kiunoni anapokuwa kati ya rafu.